Mzee Aliyeipigia Miti Hodi

Watu wa Likoni walimwita Mzee wa Msitu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua, hata lile la ubatizo, lakini sikumbuki kulitumia mbele yake hata siku moja, na naona si adabu kuanza leo. Kwao hasa ni wapi, baba yake nani, alizaliwa mwaka wa njaa gani, hayo waulizwe wengine. Mimi nilimkuta tayari ni mtu mzima, ndevu zina mvi, kofia ya kaki imefifia hadi haijulikani ilikuwa rangi gani, na nyundo iko kiunoni. Basi nitaanza na nyundo.

Haikuwa nyundo ya kupigilia misumari. Upande mmoja ilikuwa na makali mafupi kama ya shoka, ya kubambulia gome. Upande wa pili ilikuwa na herufi za chuma zilizotokeza, na huo ndio uliokuwa muhuri wa serikali. Mti ulioruhusiwa kukatwa katika hifadhi ya msitu kule milima ya Shimba, Mzee aliubambua gome chini karibu na mizizi, akapiga muhuri hapo. Mti ukishaanguka alirudi akapiga muhuri mwingine kwenye gogo lenyewe. Kisiki na gogo vilitakiwa viwe na alama moja, na gogo lisilo na alama halikuruhusiwa kuvuka kivuko cha Likoni. Nyundo ile hakuivua kiunoni ila wakati wa kulala, na mkewe alikuwa akisema kwamba hata wakati huo aliiweka chini ya mto.

Mimi ni fundi seremala. Miaka ile ya vita karakana yangu ilikuwa hapo juu ya kivuko, mahali ambapo mtu aliyetoka pwani ya kusini hana budi kupita. Kila mwisho wa mwezi Mzee alishuka kutoka milimani na kitabu chake cha miti, avuke kisiwani Mombasa akakionyeshe ofisini. Na hapo ndipo urafiki wetu ulipoanzia, kwa sababu mtu huyu alikuwa anaogopa feri. Alikuwa amezoea kulala peke yake porini huku ndovu wanavunja matawi hatua chache kutoka kibandani kwake, lakini akiyaona yale maji ya kivuko aligeuka nyuma. Aliingia karakanani kwangu akajifanya ametaka kunisalimu. Akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mguu wa mama yangu, akarudia tena za watoto. Feri ikaenda, ikarudi, ikaenda. Nilipomwambia kwamba mzee, hii ya tatu sasa, alinyanyuka kama mtu anayepelekwa mahakamani. Nilimcheka miaka mingi kwa hilo, naye hakuchukia.

Alipokuja karakanani hakukalia kiti. Nilikuwa na viti vya kila namna, vya mvule, vya mninga, vingine nimevitengeneza kwa mkono wangu mpaka naona uchungu kuviuza, naye alivipita vyote akavuta sanduku tupu lililotoka bandarini, akakaa. Nilimuuliza sababu. Akasema kiti cha mvule akikikalia anajikuta anawaza ulikuwa mti gani, na ulisimama upande gani wa bonde, na mapumziko yenyewe yanaharibika. Sanduku limetoka Ulaya, miti ya huko haijui, haimsumbui.

Nilidhani mtu wa namna hiyo nyumbani kwake kutakuwa na kivuli hadi mlangoni. Siku niliyokwenda nilistaajabu. Uani kwake hapakuwa na mti hata mmoja, wala ua, wala kichaka cha mchaichai. Palifagiwa pakawa peupe kama chapati. Mkewe alilalamika kwamba ameomba ndimu moja tu ya kukamulia samaki, amekataliwa. Mzee alisema miti anaiona siku ishirini na tano katika mwezi, na yeye pia ni mtu, anataka mahali pa kuona anga.

Lakini huko milimani alikuwa mtu mwingine. Mara moja nilikwenda naye kwa halali, nikiwa na karatasi yangu ya ruhusa, tukachague mvule mmoja wa milango ya kanisa. Tulitembea tangu asubuhi. Nilikuwa nasikia habari za msitu ule kama watu wengi wa pwani wanavyosikia, kwamba kuna ndovu, kuna palahala wenye pembe zilizopinda nyuma, kuna mbega weusi wenye mabega meupe wanaoruka kama wamefukuzwa. Hayo yote tuliyaona, naye hakuyatilia maanani sana. Alichonionyesha yeye ni chemchemi. Ilitoka chini ya jiwe, nyembamba kama mkono wa mtoto, baridi hata meno yakauma. Akaniambia maji haya yanaingia bombani, yanashuka, yanavuka, na mji mzima wa Mombasa unakunywa na hakuna hata mmoja anayeuliza yametoka wapi. Akaniambia kata miti ile kumi iliyo juu ya jiwe, halafu urudi baada ya miaka mitano na kikombe chako, uone kama utakijaza. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema habari za mgonjwa aliye chumba cha pili.

Tulipofika kwenye mvule wangu akafanya jambo ambalo sijaona askari wa msitu mwingine akilifanya. Aliigeuza nyundo akaishika kwenye chuma, akabisha mti kwa kitako cha mpini. Alibisha mara tatu chini, mara tatu usawa wa kifua, mara tatu juu kadiri mkono wake ulivyofika. Kila akibisha alisema hodi. Si kwa mzaha. Alisema kama unavyosema mlangoni kwa jirani usiyemzoea sana. Kisha akaweka sikio kwenye gome, akasubiri. Kisha akainama akachunguza chini ya mti, akipekua majani kwa ncha ya kiatu.

Nilimuuliza anamtafuta nani. Akanieleza habari za hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kama umeazimwa. Jike akitaka kutaga huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango unazibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Humo hukaa wiki baada ya wiki, manyoya ya kurukia yananyonyoka, hawezi kwenda popote. Dume ndiye anayemlisha. Huleta matunda kutwa, moja moja, akimpitishia kwenye ufa, na chini ya mti zinaanguka mbegu na uchafu. Kwa hiyo sikio litakwambia kama mti una uwazi, na mbegu zitakwambia kama uwazi una mwenyewe. Mti wenye ndege ndani Mzee hakuupiga muhuri, hata kama uko kwenye orodha, hata kama bwana mkubwa mwenyewe amesimama pale. Alisema maneno mawili tu, "Wenyewe wamo," akasogea mti wa pili.

Tena hakuwa akiwahurumia ndege tu. Alisema hondohondo humeza tunda hapa na kutema mbegu kule ng'ambo ya bonde, na kwamba mizambarau ile yote unayoiona hakuna aliyeipanda ila yeye. "Mimi nalinda tu," aliniambia. "Yeye ndiye mkulima."

Mvule wangu haukuwa na mtu. Aliugonga muhuri, nami nikashukuru, na milango ya kanisa ikafungika vizuri.

Miti aliyokuta ina viota aliiweka kwenye kamba. Ilikuwa kamba ya mkonge, aliiweka mfukoni mwa koti, na kila fundo lilikuwa mti mmoja. Kuandika alijua, kitabu cha serikali alikiandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Lakini alisema kitabu ni cha wakubwa, na wakubwa wakishajua mti uko wapi hawachelewi kumtuma mtu. Kamba haisomeki na yeyote ila yeye. Alikuwa akiipitisha vidoleni kama mama wa Kikatoliki na rozari, na padri wa kwetu, maana sisi hatukuwa Wakatoliki, aliwahi kumuuliza kanisani kama amebadili dini.

Usidhani alikuwa mpole. Tumbako yake alimnyima hata shemasi. Wakandarasi wa mbao aliwadanganya bila haya: njia imekatika, ndovu wamezaa, daraja limezama, mpaka msimu wa viota ukapita nao wamechoka kusubiri. Kwa akina mama wa kuni alikuwa na sheria yake, kavu peke yake na hakuna panga. Siku moja akamkuta mama mmoja amekata mbichi, mzigo mzima. Hakumkaripia. Aliuchukua ule mzigo akajitwika mwenyewe, mzee mzima na kofia ya serikali, akautembeza kijijini hadi mlangoni kwa yule mama, watu wanatoka kuangalia. Akautua mbele ya mume aliyekuwa amelala kwenye mkeka, akamwambia kwa heshima kwamba kuni za nyumba hii zimekuwa nzito, mara nyingine aende yeye. Yule bwana hakuonekana barazani kwa muda, na mama hakukata mbichi tena.

Na moto alikuwa hasamehi. Shemeji yake, ndugu wa tumbo moja na mkewe, alichoma makaa ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi baada ya kuonywa mara mbili. Mzee alimkamata kwa mkono wake, akampeleka kwa miguu, akatoa ushahidi. Shemeji alifungwa miezi mitatu, na kwa miezi hiyo mitatu mke wa Mzee alimpikia mumewe, akamfulia, wala hakumsemesha. Nakieleza kisa hiki makusudi. Kaeni nacho, maana nimeishi na swali lake miaka mingi.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupita mbio.

Mkandarasi mmoja wa Changamwe alinipa kazi ya milango na meza za kambi ya askari. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizopata kuishika, na ilikuwa na siku yake ya kumalizika. Nilikuwa na mafundi watatu chini yangu, wote wana watoto. Mbao zilikuwa zimeadimika, kila kitu kilikwenda vitani. Nikaukumbuka mvule mmoja mnene niliouona juu ya ile chemchemi siku tuliyotembea. Nikamwomba Mzee. Akasema huo bado hajaupigia hodi, na sasa ni mvua za vuli, ndio wakati wa viota, hapigi muhuri mti wowote upande ule. Nisubiri mpaka zipite. Nikamweleza habari za mkandarasi, za mafundi, za watoto wa mafundi. Akasikiliza yote, akasema nisubiri.

Sikusubiri. Nilingoja akaenda upande wa pili wa hifadhi, nikapanda na wapasuaji mbao wawili wa Likoni, tukauangusha. Kilichotokea ulipolala chini nitakisema mahali pake. Tukakata sehemu nzuri ya shina, tukaishusha kwa lori chini ya mzigo wa kuni, na asubuhi iliyofuata gogo lilikuwa nyuma ya karakana yangu limefunikwa makuti. Hapo ndipo akili ziliponirudia. Mbao za kambi zilikuwa zinakaguliwa, na gogo lisilo na alama lingenipeleka jela kama shemeji. Nilikaa wiki nzima nikilipita na kulikwepa kwa macho.

Mwisho wa wiki Mzee akatokea. Alifungua mkanda, akaweka nyundo mezani kwangu, mara ya kwanza naiona mbali na mwili wake. Mpini ulikuwa umepasuka kwa urefu.

"Fundi," akasema, "masikio yangu yamepasuka."

Aliniachia asubuhi, akavuka kisiwani, akasema ataipitia alasiri. Nilikuwa na kipande cha mpingo nilichokihifadhi tangu nikiwa mwanafunzi wa misheni, nikikingojea kazi inayokistahili. Nilikichonga, nikakipiga msasa, nikakigonga kwenye meza, nikasikiliza, nikapunguza kidogo, nikagonga tena, hadi kikatoa sauti safi. Naapa nilikichonga kwa mapenzi. Na kabla mafuta ya mpini hayajakauka, niliwatuma mafundi wangu chakula, nikaenda nyuma, nikafunua makuti, nikapiga gogo muhuri. Wiki iliyofuata likavuka kwenda kupasuliwa kwa mkandarasi Changamwe.

Aliporudi aliishika, akagonga meza yangu kwa kitako, akainamisha kichwa. Akagonga tena. Akatabasamu tabasamu ambalo nililiona kwake mara chache sana, akaifunga kiunoni, akaenda zake.

Haukupita muda bwana mkubwa wa misitu alikwenda kukagua visiki. Juu ya chemchemi akakuta kisiki kipya cha mvule hakina alama. Wakafuata mbao hadi Changamwe, wakakuta mwisho wa gogo lililokuwa halijapasuliwa, nalo lina alama safi kabisa. Gogo lina muhuri na kisiki hakina. Maana yake ilikuwa moja, kwamba askari ameuza muhuri wake. Mkandarasi alisema alinunua mbao zenye alama na mengine hayajui. Mimi nilijua nitaitwa. Nilimwambia mke wangu kila kitu, nikamwonyesha zana za kuuza na za kubakisha, nikakaa karakanani nikingoja.

Sikuitwa. Karani mmoja wa ofisi ile, aliyekuja kuagiza kiti, ndiye aliyenisimulia. Mzee aliulizwa kama nyundo ilipata kuwa mikononi mwa mtu mwingine. Akajibu kwamba nyundo haitembei peke yake, nyundo ni yake na kosa lake ni lake. Wakamuuliza tena kwa njia nyingine, akajibu vile vile. Hawakuwa na ushahidi wa kumfunga. Wakamvua nyundo, wakamwondoa milimani, wakamweka getini pale kivukoni Likoni, akague boriti na magunia ya makaa.

Hatua sitini kutoka mlangoni kwangu.

Sijui kama walimchagulia adhabu ile yeye au mimi. Miaka minne nilimwona kila siku amesimama pale na kofia yake, akitazama malori yanayoshuka. Aliyewekwa mahali pake mlimani hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Magogo yakaanza kuja yenye matundu, na ndani ya matundu udongo uliokauka. Mzee hakuwa na la kufanya, alama zilikuwepo. Niliwahi kumwona ametia mkono ndani ya tundu la gogo juu ya lori, hadi begani, kama mtu aliyeangusha kitu kisimani, dereva anapiga honi naye hasikii. Alipoutoa alijifuta kwenye suruali, akawafungulia njia.

Na saa sita akaja kwangu kula, kama zamani, akakaa kwenye sanduku lake. Alijua. Hakukuwa na haja ya akili nyingi kujua. Nami nilijua kwamba anajua. Nilijaribu kumwambia. Mara ya kwanza aliniuliza kama mtoto wa pili ameanza kusoma. Mara ya pili alisema samaki wa leo ana chumvi. Mara ya tatu nilikuwa nimeshasema, "Mzee, lile gogo," naye akanyanyuka, akasema feri imefika. Feri ilikuwa imefika kweli, lakini yeye siku hizo hakuwa anavuka kwenda popote.

Kamba alikuwa nayo bado. Aliipitisha vidoleni pale getini, fundo kwa fundo, na mara alipofika mahali fulani kidole kilisimama. Nilitazama nikaona kati ya mafundo mawili kuna nafasi pana kuliko nyingine zote. Nilimuuliza, nikidhani ni swali la kupitisha muda tu. Akasema, "Hapo sijajua."

Nami sikuuliza zaidi, mwoga mimi.

Vita vilikwisha, naye akastaafu, wakahamia Mtongwe kwenye kiwanja cha ukoo wa mkewe. Nilikwenda mara chache, kisha mara chache zaidi. Mtu akikulindia siri kubwa unaanza kumkwepa yeye badala ya siri. Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ile ya arobaini nilipoambiwa kanisani kwamba hatoki tena kitandani. Jumapili hiyo hiyo nilikwenda kwa miguu, sikubadili hata nguo.

Uwanja ulikuwa mweupe, umefagiwa. Mkewe alinikaribisha, akanipeleka ndani. Mzee alikuwa amekwisha, mifupa na ndevu tu, na mikono ile iliyokuwa ikibisha miti imekunjamana juu ya shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umekawia."

Niliketi. Nikasema nimekuja kusema habari ya nyundo, na kwamba leo hata ikija feri nitasema. Akainua mkono kidogo.

"La nyundo nalijua. Hilo usinambie."

Nikamuuliza basi kwa nini. Nilisema kwa ukali, nadhani, kwa sababu lilikuwa limenikaa kooni miaka yote. Shemeji yake alimpeleka mwenyewe kwa miguu, mbona mimi akaniacha?

"Yule nilimkuta na kiberiti chake," akasema. "Wewe nyundo nilikupa mimi."

Kisha akageuza kichwa kwenye mto, akaniangalia sawasawa.

"Nambia jingine. Mle mtini, mwenyewe alikuwamo?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya kichwa cha kitanda, mahali ambapo Mzee hamwoni. Alinitikisia kichwa. Taratibu, mara mbili, hapana. Alikuwa ananiomba niseme hapana, mumewe apumzike. Na lilikuwa jambo jepesi kabisa, neno moja, na hakuna aliyebaki duniani wa kunikosoa isipokuwa wapasuaji wawili ambao siku hizo walikuwa wamekwisha hama. Nikafikiri, nimekwisha kumwibia muhuri wake. Nikimdanganya na hili nitakuwa nimemwibia na masikio.

"Alikuwamo," nikasema.

Mkewe akafunika mdomo kwa leso. Mzee hakushtuka. Akaniambia nieleze, na nisiruke.

Nikaeleza. Nilimwambia kwamba mti ulipolala ulipasuka juu, penye tundu, na udongo ukatawanyika kama chungu kilichovunjika. Kwamba kinda lilikuwa moja, limekufa hapo hapo. Kwamba jike alitoka akiwa hai, hana manyoya ya mabawa, anaburura mwili kwenye majani, ananguruma. Kwamba wapasuaji walitaka kumla, nikakataa, nikamfunga katika shati langu, nikapanda mti wa karibu nikamweka kwenye panda, juu kiasi nilichoweza, na kwamba sijui kama alipona, na ukweli ni kwamba sidhani. Nilimwambia na la dume. Tulipokuwa tunakata shina, dume alikuja na tunda mdomoni. Akazunguka pale angani, mahali ambapo mlango ulikuwapo na sasa hapana kitu. Akaenda. Akaja tena, na tunda. Mchana wote tulifanya kazi chini yake, naye akaja na kurudi, akaja na kurudi, na kila alipokuja mmoja wa wapasuaji alicheka, mpaka mwisho naye hakucheka tena.

Machozi yalikuwa yakimtoka Mzee pembeni ya macho, yanaingia masikioni, hakuyafuta. Alimwomba mkewe koti. Lilikuwa limetundikwa msumarini, lile lile la kazi. Akatoa kamba, vidole vikaitafuta ile nafasi pana, vikaipata mara moja.

"Vyangu havishiki tena," akasema. "Funga wewe."

Nilifunga. Nilifunga fundo la kiseremala, sikujua jingine, nalo lilitokea kubwa kuliko yale yake. Alilipapasa kwa kidole gumba, akarudi nyuma kwenye fundo la kabla yake, akaja tena kwa hilo, akapita kwenda la mbele, bila kusimama.

"Wenyewe walikuwamo," akasema.

Tulikaa. Mkewe alitoka, akarudi, akaketi miguuni pake. Nilidhani mambo yamekwisha na nilikuwa natafuta maneno ya kuagia aliponiita tena, fundi, kwa sauti yake ya zamani ya karakanani.

"Ule mpini. Nilipanda nao mara tatu tu kabla hawajanichukulia. Ulikuwa ukisikia vizuri sana. Sikupata kukushukuru."

Nililia pale, mtu mzima, mbele ya mkewe, wala sikuona haya.